Mama na Sura ya Kumi na Moja

4 Februari

Mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, kwa ile namna ya kusema hatujambo. Shemeji yako yuko barabarani na lori lake, tunamwona mara mbili kwa mwezi na mara zote mbili amelala. Cherehani yangu imevunjika ule mguu wa kukandamiza kitambaa, nimeufunga waya, inashona huku inalalamika. Jirani mwenye duka anakusalimu na anauliza lini utamtia yeye kitabuni. Nimemwambia aombe asitiwe.

Mama anakusalimu pia, na hapo ndipo penye kazi ya barua hii.

Unajua tunavyofanya kurasa zako zikifika. Nikimaliza kushona, Mama anasogeza kiti karibu na cherehani, mimi namsomea. Sizipitii kwanza, amekataza. Anasema nikishajua kinachokuja nasoma kwa sauti ya kumhurumia, na yeye hakuomba kuhurumiwa. Sura kumi tumekwenda hivyo, Mama akicheka mpaka anapaliwa, maana yule dobi wa kitabuni ni yeye mtupu, hata namna anavyohesabu vibanio vya nguo kabla ya kuvianika na baada ya kuvianua.

Tulipofika kwenye uvimbe wa shingoni hakucheka. Aliniangalia. "Umemwambia?"

"Sijamwambia, Mama."

Alinikataza nisikuandikie habari za shingo yake. Alisema hataki uje kwa kuitwa na ugonjwa. Nikakuandikia kwa siri mwezi wa nane, na wewe ukaichukua kama ilivyo ukaibandika kitabuni, hadi kile kitambaa cha kijani anachojifunga. Hukubadili hata rangi, Kasuku!

Juzi ikaja sura ya kumi na moja. Nikaanza: kijana amerudi nyumbani, amepitia mlango wa dobi kule hospitali, amemshika mama yake mkono. Mama akawa anatabasamu. Nikafunua ukurasa, yule mama amekufa juu ya meza ya upasuaji. Nikaufunika kwa kiganja.

"Soma."

"Mama, mwandiko hapa..."

"Mwandiko wake naujua kwa namna unavyousoma. Hauna tatizo. Soma."

Nikasoma mpaka mwisho. Asubuhi yake akaufungua mfuko tuliokuwa tumeupanga wa kwenda hospitali, akarudisha kila kitu kabatini. Akaniambia, "Mwanangu ameona shingo yangu akiwa mbali, bila kuambiwa na mtu. Basi na mwisho wake ameuona. Siendi."

Daktari wa upasuaji anakuja huku mara mbili kwa mwaka. Anakuja wiki ya mwisho ya Aprili, na Mama ni wa tatu kwenye orodha. Akikosa hapo ni hadi Oktoba, na nesi hakunizungusha, aliniambia Oktoba hafiki. Nakuomba kitu kimoja tu: badilisha sura hiyo, uitume haraka. Ningepiga simu ya dukani, ila pale ukikohoa tu mtaa mzima unajua.

Dada yako

&nbsp;

3 Machi

Dada, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Barua yako ilisukumwa chini ya mlango wa fundi baiskeli hapa chini ninapoishi, akaiwekea kopo la grisi juu, akasahau. Nimeisoma ikiwa na duara jeusi katikati.

Mimi mzima. Kwenye kiwanda cha uchapaji bado nasahihisha kurasa za majaribio za watu wengine mchana kutwa, vitabu vya kilimo na ratiba za mitihani, macho yameanza kunichezea. Wifi yako amehamia kwa dada yake. Anasema hawezi kugombana na mtu anayeandika huku wanagombana. Nilimwambia sikuwa naandika, ilikuwa orodha ya sokoni. Akaichukua, akaisoma, akafunga sanduku.

Kuhusu Mama nimeshtuka, lakini nisikilize. Ile ni riwaya. Yule ni dobi wa kwenye karatasi. Mhariri wangu aliisoma sura hiyo akatoka nje, aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniambia miaka kumi na tisa ya kazi hajapokea kurasa kama hizo. Kitabu kinaingia mtamboni Mei. Nikimfufua yule mama, kitabu chote kinalala chini. Sijui nikueleze vipi mtu asiyeandika akaelewa. Kila kilichotangulia kimejengwa kumpeleka pale.

Na dawa iko mkononi mwako. Mwambie Mama ukweli kwamba ulinieleza habari za shingo mwezi wa nane. Akijua hivyo, atajua sioni chochote, ni mtu aliyepokea barua tu. Atakasirika siku mbili, ya tatu atapanga mfuko wake. Kwa nini mimi nibomoe kitabu wakati wewe unahitaji kusema sentensi moja?

Mpe Mama salamu zangu. Mwambie kazi inanibana.

Mdogo wako

&nbsp;

14 Machi

Kwako Kasuku,

Habari za kwetu ni fupi. Cherehani imepona, Mama hajapona. Halali tena chali, anakaa kitandani ameegemea ukuta, na pumzi yake inapita kama mtu anayesukuma kabati sakafuni. Chakula kigumu amekiacha. Akinywa maji anafumba macho kwanza, kujiandaa. Na asubuhi bado anajikaza kisabuni, anafagia chumba kwa awamu tatu, anapumzika katikati, ukimgusa ufagio anakuangalia vibaya.

Sasa ngoja nitoe ya moyoni. Unanitaka mimi nikiri? Wewe?

Miaka sita sijakuuliza. Nimekuandikia habari za mvua, za harusi, za bei ya uzi, na wewe umenijibu kwa habari za mvua ya huko. Leo nauliza. Ulipoandika kitabu chako cha kwanza, ulikuwa na haja gani ya mashuka?

Ungeweza kuandika kwamba shati la shule la yule mtoto lilitokana na gunia, au pazia, au kitambaa cha msaada. Ukaandika mashuka ya hospitali. Ukaandika yale ya waliofariki, yaliyotakiwa kuchomwa moto, na mama dobi akayatoa kwenye rundo, akayafua mara tatu, akayapeleka nyumbani chini ya kanga yake. Ukaandika chapa ya buluu isiyotoka, na fundi binti aliyeificha ndani ya kola. Fundi ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilishona mashati matatu kwa mkono, na nilijivunia. Ukaandika hadi kila asubuhi mlangoni, Mama akigeuza kola yako, akitazama ndani kama chapa imejificha vizuri, akisema, "Haionekani. Nenda."

Msimamizi wa hospitali alipewa kitabu na mtu aliyedhani anampa zawadi. Akamwita Mama ofisini. Miaka thelathini na moja ya kufua, unga ukamwagika kwa dakika kumi. Mama alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa, akaniomba nimsomee ule ukurasa. Nikamsomea. Akasema, "Hakukosea hata kitu kimoja." Basi. Mpaka leo hajaongeza neno, na kitabu anakiweka ndani ya sanduku pamoja na vyeti vyetu.

Hospitali ni ile ile. Mlango ni ule ule. Ili akakatwe shingo lazima apite mbele ya wale waliomwona anatolewa. Nilikuwa nimeshamshawishi, mfuko umejaa, ndipo sura yako ikaingia.

Nilimdanganya Mama ili asijue nimevunja neno lake. Nikikiri leo hatanisikiliza tena kwa lolote, na mimi ndiye pekee niliye naye humu ndani kumshawishi apande gari. Ndiyo maana siwezi. Wewe una sababu gani? Kitabu kulala chini? Mama halali, Kasuku.

Dada yako

&nbsp;

29 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Leo sina habari za kutangulia. Fundi baiskeli hajambo, basi.

Nilijua. Nilisikia mwaka ule ule, kwa mtu wa kwetu niliyekutana naye kituo cha mabasi. Alinipa habari huku anacheka, akidhani nami nitacheka: "Umemfukuzisha kazi mama yako!" Nilikuwa na tiketi ya kuja nyumbani mfukoni. Niliirudisha dirishani. Tangu hapo kila likizo nakata tiketi kwa mawazo tu. Nikija nitakaa wapi kwenye chumba kile? Ataniuliza nini, na nitamjibu nini? Mbaya zaidi asiponiuliza.

Uliniuliza haja ya mashuka. Sikuwa na kingine, dada. Nikikaa kuandika, wanaokuja ni nyinyi. Nimejaribu watu wa kubuni, wanakaa kitini kama wageni wanaosubiri kuondoka. Nikimtia Mama mlangoni, chumba kizima kinapata harufu ya sabuni na watu wanaanza kusema. Nawapenda na nawatumia, na sijui pa kutenganisha. Hata wifi yako, kila neno aliloniambia akiondoka nimelikumbuka kwa mpangilio, na nilijichukia kwa kulikumbuka vizuri hivyo.

Na kuhusu sura hii nakwambia jambo ambalo mhariri hatalijua. Sikumuua yule mama kwa sababu ya kitabu. Nilimuua kwa sababu akifa, yule kijana hatalazimika kumwomba radhi. Anamshika mkono, anafika, imekwisha. Nililia nilipoandika, nikadhani ni machozi ya kazi nzuri.

Nimeibadilisha. Nimeiandika usiku mbili, iko ndani ya bahasha hii. Mama anapona. Kovu ni dogo, anavaa kitambaa kile cha kijani kwa kupenda tu. Mhariri akikataa, na akatae, nitamrudishia mswada wake. Msomee leo leo. Nakuomba sana, msomee leo.

Mdogo wako

&nbsp;

9 Aprili

Mdogo wangu,

Bahasha imefika jana. Ahsante. Najua umeng'oa jino.

Kabla ya kusoma nilipiga moyo konde, nikazima cherehani, nikasema, "Mama, shingo yako nilimwambia mimi. Mwezi wa nane. Haoni kitu yule."

Mama akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Ulivyosema hujamwambia uliuma uzi. Ukisema uongo unauma uzi hata kama mkasi uko mkononi. Tangu una miaka sita."

Nikamuuliza, sasa kama alijua, hii miezi miwili ya siendi siendi ni ya nini? Akasema nisome kwanza.

Nikasoma. Nilisoma vizuri, Kasuku, naapa. Yule mama akapelekwa, akakatwa, akaamka, akaomba maji. Nilikuwa natabasamu kabla sijafika mwisho. Mama alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza akauliza, "Na kijana?"

"Kijana yupi?"

"Mwanawe. Yule aliyepitia mlango wa dobi."

Nikarudi nyuma, nikapekua ukurasa mmoja mmoja. Hayumo. Umemponya mama, umemfuta mtoto. Mwishoni kuna barua tu anayotuma, nzuri, ya kurasa mbili. Nikamwambia, "Ametuma barua, Mama."

Akafumbua macho. Kisha akasema, "Nisomee ile ya kwanza."

"Mama, kwenye ile ya kwanza unakufa!"

"Nakufa, ndiyo. Lakini anakuja."

Ndiyo hiyo sababu yake. Ile ya kwamba unaona mbali ilikuwa ya kunyamazisha watu, alijua nitakuandikia na alitaka kuona utafanya nini. Sasa nimemsomea ile ya kwanza mara tatu tangu jana. Akifika pale kijana anaposhika mkono ananisimamisha, anasema hapo patosha. Na mfuko bado mtupu.

Wamepanga Jumanne, tarehe 28. Maji yamenifika shingoni, na yeye pumzi. Njoo.

Dada yako

&nbsp;

16 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimeipata. Nimekaa nayo siku mbili. Kiwandani wamekataa kunipa ruhusa, na mhariri anataka nimwone tarehe hiyo hiyo. Hiyo ni kweli, lakini siyo sababu, na wewe unajua. Nafika hadi dirisha la tiketi, nageuka nyuma. Siwezi kupita mlango ule. Mwambie nampenda. Mwambie chochote.

Mdogo wako

&nbsp;

21 Aprili

Kasuku,

Ulisema nimwambie chochote. Nimemwambia.

Jumapili jioni nilichukua bahasha tupu ya barua yako, nikaingiza ndani zile kurasa za pili, nikamwambia imekuja sura nyingine. Nikakaa, nikafunua, nikaanza kusoma kitu ambacho hakimo. Sijawahi kutunga hata hadithi ya kumlaza mtoto. Nikasoma kwamba kijana alipanda basi siku mbili, alifika asubuhi, amevaa shati jeupe. Kwamba alipita mlango wa dobi na wale wanawake wakaacha kufua. Kwamba alimkuta mama yake kabla hajaingizwa. Nikasoma kwamba mama alipona. Vyote viwili, Kasuku, anakuja na anapona. Sikujua kama inaruhusiwa kitabuni, lakini nilisoma hivyo.

Mama akauliza, "Ameandika hivyo?"

Mdomoni sikuwa na uzi, nilikuwa nimeuficha mkasi na kila kitu. "Ameandika hivyo."

"Rudia hapo kwenye shati."

Nikarudia, na nikakosea, mara ya kwanza nilisema mikono mifupi, mara ya pili nikasema mirefu. Hakunisahihisha. Asubuhi nimeamka nimemkuta anapanga mfuko.

Siku hizi mgonjwa anakwenda na mashuka yake mwenyewe. Ya hospitali yamebaki machache, wanafunikia waliofariki tu. Namshonea mawili, pindo mbili pande zote. Mama ameyashika, akasema, "Haya hayana chapa." Akacheka, na kicheko kikamkaba, nikampiga mgongo muda mrefu.

Sijui kama ameniamini au ananionea huruma. Najua atapanda gari Jumatatu, atalazwa, na mlango wa wodi ukifunguliwa atageuza kichwa. Mimi nimeandika sura moja maishani mwangu na ni ya uongo. Mwandishi ni wewe. Nisaidie iwe kweli.

Dada yako

&nbsp;

28 Aprili
Kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji

Dada, shikamoo.

Nimefika. Nakuandikia kwa sababu hupo, na kwa sababu sijui kukaa hapa bila kushika kalamu. Nesi amenieleza: mgonjwa wa kwanza ana homa, wa pili ametoroka, Mama akasogezwa mbele wakati wewe umerudi nyumbani kuchukua mashuka uliyoyasahau juu ya cherehani. Wewe, uliyeshona pindo mbili. Ningekucheka, lakini mimi nimesahau mkoba wangu kwenye basi, na mswada ndani yake.

Barua yako ilinikuta Jumapili kwa fundi baiskeli. Safari hii alinipandishia juu mwenyewe. Sikupita kwa mhariri wala kiwandani.

Nimepita mlango wa dobi. Walikuwa wanawake watano, wakaacha kufua, kama ulivyoandika. Mmoja mzee akanikazia macho. "Wewe si mtoto wa mashati?" Nikasema ndiye. Nilisubiri anitemee mate, nilikuwa tayari. Akasogeza beseni lake kwa mguu, akasema, "Pita, wanampeleka sasa hivi."

Nilikimbia. Nilimkuta kwenye korido juu ya kitanda cha magurudumu, ameinuliwa nusu kukaa, mdogo, dada, hukuniambia amekuwa mdogo hivyo. Ile pumzi niliisikia kabla sijamwona. Nilikuwa na sentensi ya kumwomba radhi, nimeipanga siku mbili ndani ya basi, nzuri kabisa. Nikafungua mdomo ikapotea yote, nikawa nalia tu mbele ya watu.

Mama hakunisalimu. Alinyoosha mkono, akashika kola ya shati langu, akaigeuza, akatazama ndani taratibu. Akairudisha, akaikunjua vizuri kwa kidole gumba.

"Haionekani," akasema. "Nenda kakae."

Wakamwingiza, mlango ukafungwa.

Hiyo ni zaidi ya saa mbili sasa. Nimesikia chuma kikianguka mle ndani, na mtu akipaza sauti, kisha kimya kirefu. Nimeshika ukuta. Nilikuwa nafikiria ile sura yangu ya kwanza, kila neno, na mashuka machache ya hospitali, na wanayemfunikia. Naogopa, dada. Nikisikia hatua zinakuja nataka kuziba masikio.

Nesi ametoka sasa hivi. Amesimama mlangoni na glavu zake, ameuliza, "Nani ana mgonjwa wa shingo? Mashuka yake yako wapi?"

Nikamwuliza, "Mashuka gani?"

"Ya kwenu, jamani! Mnataka nimlaze juu ya godoro tupu?"

Dada, anataka ya kwetu. Barua hii nampa dereva wa gari la wagonjwa, anakuja upande wa huko. Panda naye. Yalete yote mawili.

Kasuku